Pointi 11 na Gharama Yake

Tarehe 25 Julai 2021, katika robo fainali ya wawili wawili mchanganyiko ya Olimpiki ya Tokyo, Jun Mizutani na Mima Ito wa Japani walikuwa nyuma 2-9 katika seti ya saba, seti ya mwisho. Patrick Franziska na Petrissa Solja wa Ujerumani walibakiza pointi mbili tu waingie nusu fainali. Hizo mbili walizipata, tena wakaongeza tatu nyingine, na bado hawakuvuka. Seti iliisha 16-14, Wajapani wakiwa wameokoa pointi saba za mechi. Kesho yake waliwafunga Wachina Xu Xin na Liu Shiwen 4-3 katika fainali, na Japani ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mpira wa meza.

Ujasiri wa Mizutani na Ito umesifiwa sana, na unastahili. Ila ujasiri huo ulihitaji kanuni ya kuushika mkono. Kwenye soka, timu inayoongoza kwa mabao mawili dakika ya 85 inaweza kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona ikausubirisha hapo. Kipa atalala chini, mchezaji anayetolewa atatembea polepole, na muda utamaliza kazi iliyobaki. Mpira wa meza haumpi anayeongoza njia hiyo. Awe 10-0, awe 10-9, pointi ya mwisho lazima aicheze na aishinde mwenyewe. Ndiyo maana naamini kwamba namna ya kuhesabu pointi ndiyo moyo wa mchezo huu. Hesabu ndiyo inayoamua kila mpira uwe na uzito gani, na bahati ipewe nafasi kiasi gani mbele ya uwezo. Mwaka 2001 hesabu hiyo ilibadilishwa kwa kiasi ambacho michezo michache imethubutu, na sehemu moja ya mabadiliko hayo bado hatujaizingatia vya kutosha katika mashindano yetu madogo.

Tuanze na pointi yenyewe. Kila pointi katika mpira wa meza hutokana na kosa la mtu, hata kama kosa hilo limelazimishwa na pigo lisilozuilika. Unapoteza pointi ukianzisha vibaya, ukishindwa kuurudisha mpira, ukiuacha udunde mara mbili upande wako, au ukiuzuia ukiwa juu ya meza kabla haujadunda. Unaipoteza pia ukisogeza meza au ukigusa wavu. Liko kosa jingine ambalo wengi wanaocheza kila siku hawalijui: kuugusa uso wa meza kwa mkono usioshika kibao. Mkono wenye kibao hauna hatia. Ule mwingine ukiegemea meza wakati mpira unachezwa, pointi imekwenda. Kuhusu ukingo, sheria iko wazi ingawa macho hugombana: ukingo wa juu ni sehemu ya meza, ubavu wa chini yake si meza. Mpira uliogusa ukingo ni halali, na desturi ni aliyebahatika kuinua mkono kuomba radhi, kisha kuichukua pointi yake.

Kuanzisha nako kuna masharti yake. Mpira hukaa juu ya kiganja kilichofunguliwa, nyuma ya mstari wa mwisho na juu ya usawa wa meza. Hurushwa wima angalau sentimita 16, hupigwa ukiwa unashuka, nao lazima udunde kwanza upande wa anayeanzisha ndipo uvuke. Ukigusa wavu na kuangukia mahali pake, unarudiwa bila adhabu, hata ikitokea mara tano mfululizo. Kila mmoja huanzisha mara mbili kisha humpisha mwenzake. Mwamuzi hutaja kwanza pointi za anayeanzisha, kwa hiyo ukisikia “nne, saba” unajua mara moja nani anaongoza na mpira uko kwa nani.

Wachezaji hubadilishana upande kila seti inapoisha. Katika seti ya mwisho hubadilishana tena katikati, mmoja anapofikisha 5. Anayecheza kwenye ukumbi wenye madirisha wazi anaielewa kanuni hii bila maelezo, kwa sababu jua la saa kumi na upepo wa upande mmoja vinatosha kuamua seti nzima.

Katika mchezo wa wawili wawili, mambo yanakuwa mazito zaidi. Wenza hupiga kwa zamu na hakuna anayeruhusiwa kupiga mara mbili mfululizo, kwa hiyo katika seti nzima wewe hupokea kutoka kwa mpinzani yuleyule mmoja. Kama unapokea mipira ya mpigaji mkali, utaipokea mpaka seti iishe, na seti inayofuata mpangilio hugeuka. Katika seti ya mwisho mpangilio wa upande unaopokea hugeuzwa pia pale timu moja inapofika 5, ili asiwepo wa kumaliza mechi akifaidi mpangilio mzuri peke yake. Anayetazama kwa makini ataona kwamba mechi nyingi za wawili wawili hubadilika ghafla mahali hapo hapo.

Sasa tufike 10-10. Hapo kila mmoja huanzisha mara moja moja, na mshindi ni yule atakayetangulia kwa tofauti ya pointi mbili. Wengi huiona hatua hii kuwa ni bahati tupu. Hesabu inakataa. Tuchukue mchezaji mmoja, tumwite A, ambaye dhidi ya B hushinda wastani wa pointi 55 kati ya kila 100. Ni tofauti ndogo kama iliyopo kati ya wachezaji wawili wazuri wa klabu moja. Kama seti ingeamuliwa kwa pointi moja tu kwenye 10-10, nafasi ya A ingekuwa hiyo hiyo 55. Lakini kwa kanuni ya tofauti ya mbili, A hushinda pointi mbili mfululizo karibu mara 30 kati ya 100, na B karibu mara 20. Zilizobaki huwarudisha sare waanze upya. Thelathini kwa ishirini ni sawa na 60 kwa 40. Sharti la pointi mbili limemwongezea aliye bora nafasi, nalo limemwachia aliye nyuma mlango wazi. Sijui kanuni nyingine ndogo ya michezo inayofanya kazi mbili kwa usawa kiasi hiki.

Ngazi ya juu ya pointi ni seti, na hapa hesabu ina ukatili wake. Seti ikiisha, pointi zake hufutwa. Kufungwa 11-1 na kufungwa 11-9 ni kitu kimoja. Mtu anaweza kushinda mechi kwa 11-9, 2-11, 11-9, 1-11, 11-9. Ukijumlisha, mshindi ana pointi 36 na aliyeshindwa ana 49. Wapo wanaoiita hii dhuluma. Mimi siioni hivyo, kwa sababu wote wawili walijua tangu mwanzo kwamba kinachohesabiwa ni seti, na aliyezishinda seti tatu za kubanana alishinda pale ambapo ilikuwa vigumu zaidi kushinda. Kanuni hii pia humpa aliyevurugwa nafasi ya kupumua. Katika robo fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Fan Zhendong wa China alikuwa nyuma kwa seti mbili dhidi ya Tomokazu Harimoto wa Japani. Akarudi, akashinda 4-3, na akatwaa dhahabu. Kila seti aliyopoteza ilimgharimu seti moja tu, haidhuru ilipotea vipi.

Kwa muda mrefu wachezaji wengi wa ngazi ya juu, hasa Wachina, wamekuwa na desturi ya kumwachia mpinzani pointi moja wakiongoza 10-0, asiaibike kwa kutoka mikono mitupu. Naiheshimu nia yake, lakini naona heshima kubwa zaidi ni kumchezea mtu kwa nguvu zote mpaka mpira wa mwisho. Kanuni inayokataza mtu kushinda kwa kusubiri isingepaswa kukutana na desturi ya kufunga kwa huruma.

Hesabu hii ilikuwa na ufa mmoja mkubwa, nao ulionekana mapema. Mchezo usio na saa unaweza kukataa kuisha. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1936 mjini Prague, Alojzy Ehrlich wa Poland na Paneth Farkas wa Romania waliamua kila mmoja kumsubiri mwenzake akosee. Pointi ya kwanza ya mechi yao ilichukua zaidi ya saa mbili. Mwaka uliofuata, mjini Baden nchini Austria, fainali ya wanawake kati ya Ruth Aarons wa Marekani na Trudi Pritzi wa Austria ilivuka muda uliowekwa. Wote wawili waliondolewa, na ubingwa ukabaki bila mwenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, ITTF, liliwatambua wawili hao kuwa mabingwa wa pamoja mwaka 2001, miaka 64 baadaye.

Wavu ulishushwa mpaka sentimita 15.25 za leo ili washambuliaji wapate nafasi, na hatimaye ikatungwa kanuni ya kuharakisha ambayo ingali hai. Kama seti imechezwa dakika 10 na pointi zilizopatikana kwa jumla hazijafika 18, kanuni hiyo huanza kazi. Kila mmoja huanzisha mara moja kisha humpisha mwenzake, na mpokeaji akifanikiwa kuurudisha mpira mara 13 pointi ni yake. Kwa hiyo anayeanzisha ana mapigo 13, likiwemo la kuanzisha, ya kuitafuta pointi, akikosa amepoteza. Ikishaanza, hubaki hivyo mpaka mechi iishe. Uzuri wake ni kwamba haimkatazi mtu kujihami. Inagawa wajibu wa kushambulia kwa zamu, leo wangu kesho wako. Na bado inahitajika: katika mashindano ya Qatar mwaka 2017, Hitomi Sato wa Japani na Li Jie wa Uholanzi walipigiana mpira mmoja mara 766, kwa zaidi ya dakika 10.

Tuje kwenye mabadiliko makubwa. Kwa miongo mingi seti ilikuwa pointi 21, na kila mmoja alianzisha mara tano mfululizo. Katika kumbi nyingi za vyuo na mabweni ya Afrika Mashariki bado utawakuta watu wakicheza hivyo, kwa sababu walifundishwa na kaka zao waliojifunza kabla ya 2001. Mwaka huo, katika mashindano ya dunia mjini Osaka, ITTF chini ya rais wake Adham Sharara wa Kanada ilipiga kura kuishusha seti hadi 11. Kanuni ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2001. Haikuja peke yake. Mwaka 2000, baada ya Olimpiki ya Sydney, mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 ili upunguze kasi, na mwaka 2002 ikapigwa marufuku kuuficha mpira kwa mwili au mkono wakati wa kuanzisha. Lengo la yote matatu lilikuwa moja: watazamaji, hasa wa televisheni, wauone mchezo na wausubiri kwa hamu.

Seti ya 21 ilikuwa na kipindi kirefu cha utulivu katikati. Anayeongoza 14-8 angeweza kupoteza mipira mitatu asitetereke, na mtazamaji angeweza kwenda kuchukua maji akarudi asiwe amekosa kitu. Zamu ya kuanzisha mara tano nayo ilimpa mjuzi wa hila nafasi ya kuvuna pointi kwa mafungu. Seti ya 11 haina utulivu huo. Ukilala pointi nne za mwanzo, umeipoteza theluthi ya seti. Hatari inaanza mapema na inarudi mara nyingi, na hilo ndilo lililotakiwa.

Je, waliobadilisha walimwonea aliye bora? Turudi kwa A wetu wa 55 kwa 45. Katika seti ya zamani ya 21, angeshinda karibu mara 75 kati ya 100. Katika seti ya 11, angeshinda karibu mara 69. Kwa hiyo seti fupi kweli humpa mnyonge nafasi zaidi. Lakini mtu hashindi mashindano kwa seti moja. Mechi kubwa za zamani, tatu bora kati ya tano za 21, zilimpa A ushindi karibu mara 89. Mechi kubwa za leo, nne bora kati ya saba za 11, zinampa karibu mara 86. Tofauti ya sita imepungua ikawa tatu. Waliozifupisha seti waliziongeza idadi, na kwa njia hiyo wakarudisha sehemu kubwa ya haki waliyokuwa wameichukua. Hesabu hii inachukulia kwamba kila pointi huchezwa kwa moyo uleule, jambo ambalo si kweli kwa binadamu. Hata hivyo mwelekeo wake unaaminika.

Historia nayo imetoa ushahidi wake. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mtu mmoja mmoja kwa hesabu ya 11 yalifanyika Paris mwaka 2003, na bingwa wa wanaume alikuwa Werner Schlager wa Austria. Alimtoa Wang Liqin wa China, bingwa mtetezi, kwa 4-3, kisha Mchina mwingine, Kong Linghui, naye kwa 4-3, na katika fainali akamfunga Joo Se-hyuk wa Korea Kusini 4-2. Wengi walitangaza kwamba enzi ya China imekwisha, kwamba hesabu fupi imevunja ukuta. Tangu hapo, kuanzia 2005 hadi 2025, kila bingwa wa dunia wa wanaume ametoka China. Aliye bora kweli hakudhurika. Aliyefaidika zaidi ni yule wa tabaka la pili anayehitaji jioni moja nzuri. Quadri Aruna wa Nigeria alimtoa Timo Boll wa Ujerumani 4-2 mjini Rio mwaka 2016 na kuwa mwanaume wa kwanza wa Afrika kufika robo fainali ya Olimpiki katika mchezo wa mmoja mmoja. Aruna alikuwa na uwezo wa kumfunga Boll, na nafikiri hesabu ya 11 ilimsaidia kuufikisha uwezo huo mpaka mwisho wa mechi. Katika robo fainali Ma Long wa China alimfunga 4-0. Mlango ulifunguka kidogo, haukung'olewa.

Majaribio hayajakoma. Katika Kombe la Dunia la Timu Mchanganyiko, lililoanza Chengdu mwaka 2023, kila pambano la timu huhesabiwa kwa seti, na timu inayotangulia kufikisha seti 8 ndiyo mshindi. Hapo mchezaji anayepoteza 1-2 bado ameichangia timu yake seti moja. Napenda wazo hilo kwa timu, kwa kuwa linampa kila mtu sababu ya kupigana hata siku yake ikiwa mbaya.

Sasa niseme lile linalonigusa kwa karibu. Waandaaji wengi wa mashindano ya shule na vyuo wamepokea seti ya 11 kwa sababu ni fupi, kisha, wakiwa na meza moja au mbili na wachezaji wengi, wakapunguza na idadi ya seti: mbili bora kati ya tatu. Wamechukua nusu ya mabadiliko ya 2001 na kuiacha nusu iliyokuwa inailinda. Kwa utaratibu huo A wetu anashinda karibu mara 77 kati ya 100. Ilinganishe na seti moja tu ya zamani ya 21, iliyompa 75. Mechi nzima ya seti tatu fupi imekaribia kuwa sawa na seti moja ya wazee wetu, na mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima anaweza kurudi nyumbani baada ya dakika 10 kwa sababu ya mipira miwili iliyogusa ukingo.

Kwa tatu bora kati ya tano, A anafika 82. Gharama yake ni wastani wa seti moja na nusu zaidi kwa kila mechi ya watu waliokaribiana hivyo. Mechi za upande mmoja huisha 3-0 na haziongezi hata hiyo. Mashindano ya wachezaji 32 ya kufungwa na kutoka yana mechi 31, na ni kweli kwamba kwa meza moja nyongeza hiyo inaweza kula saa nne. Basi mizunguko miwili ya kwanza ibaki na seti tatu, na tano zianzie robo fainali. Kuanzia hapo mechi ni saba tu: nne, mbili na moja. Ni kama seti 11 za ziada, na kwa dakika tano kila seti, hata kwa meza moja, haifiki saa nzima.